Kamera ya Mitumba na Kumbukumbu za Mwenyewe wa Kwanza

Harusi ni ya Jumamosi, mwezi wa saba, kiangazi kimekaza na Bujumbura nzima inaoana. Wapiga picha wawili wa studio moja ya Nyakabiga wanatoka asubuhi pamoja. Mmoja amebeba kamera ya studio, ya miaka mingi. Mwenzake ana kamera ya mitumba iliyofika wiki hiyo kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Siku inapita bila kasoro. Jumapili usiku kadi zote mbili zinamwagwa kwenye folda moja, kompyuta inazipanga picha kwa saa zilizopigwa, na hapo vituko vinaanza: maharusi wametoka kanisani, wamerushiwa maua, kisha wamo ndani tena wakivishana pete. Shangazi aliyekwisha kupanda gari anaonekana bado yupo kwenye benchi, ameinamisha kichwa, anasali.

Hakuna uchawi hapo. Burundi inafuata saa ya Afrika ya Kati, sawa na Rwanda na Kongo ya mashariki; Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa moja mbele. Mtu wa Bujumbura akivuka kwenda Uvira hagusi saa yake ya mkononi, lakini akienda Kigoma, mwambao wa ziwa lilelile la Bujumbura, inabidi aisogeze. Kamera haijui kuwa imevuka mpaka. Saa iliyowekwa Kariakoo inaendelea kuhesabu saa ya Kariakoo, na kila picha inagongwa muhuri huo. Muhuri wenyewe una upungufu wa miaka mingi: taarifa za Exif, zinazofichwa ndani ya kila faili la picha, zilikuwa zinaandika saa bila kusema ni saa ya nchi gani. Nafasi rasmi ya kuandika tofauti ya saa iliongezwa katika toleo la 2.31 la mwaka 2016, na kamera nyingi zinazozunguka kwenye mitumba zilitengenezwa kabla ya hapo.

Kamera ya dijitali ina kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni kadi, ambayo kila mtu anaijua. Ya pili imo ndani ya mwili wake na haifutiki kwa kutoa betri: jina la mwenye kamera, ubora wa picha, mizani ya weupe, dakika za kusubiri kabla ya kujizima, namba ya faili litakalofuata, na saa hiyo iliyovuruga harusi. Muuzaji wa mitumba anafuta kadi, au anaitoa kabisa. Hiyo ya ndani ni wachache wanaokumbuka kuigusa. Ndiyo maana bibi harusi wa Bujumbura anaweza kupewa picha zake zikiwa zimebeba, ndani kwa ndani, jina la mtu wa Düsseldorf asiyemjua.

Mambo mengi kati ya hayo yanaweza kurekebishwa kwa kubonyeza vitufe kwenye menyu, na mwenye kamera moja hana sababu ya kuhangaika zaidi. Shida ni ya studio yenye kamera nne au tano, ya kamera iliyopasuka kioo, au ile iliyouzwa kwa soko la Japani ikiwa na menyu ya Kijapani peke yake, ambapo mwenyewe anabonyeza huku akibahatisha. Hapo ndipo waya unapokuwa na faida. Kwa waya na mistari michache ya maandishi, kompyuta inaisoma mipangilio ya kamera kwa mkupuo, inaiweka kwenye faili, kisha inaandika ndani ya kamera kile mwenyewe anachotaka. Faili hilohilo linakuwa mwongozo wa kamera ya pili na ya tatu.

Mawasiliano ya waya huo huitwa siriali, neno linalotisha bure. Maana yake ni foleni: taarifa zinapita kwenye waya biti moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaovuka daraja la gogo. Kiwango cha RS-232 kilitangazwa Marekani mwaka 1960, kabla hata Burundi haijapata uhuru, na ndicho kilichozibeba kamera za kwanza za dijitali za watu wa kawaida. QuickTake 100 ya Apple, iliyotoka mwaka 1994, ilihifadhi picha 8 tu za ubora wa juu na kuzitoa kwa waya wa siriali. Casio QV-10 ya mwaka 1995 ilifuata njia hiyo. Kamera kadhaa za Epson na Olympus za miaka hiyo zilikuwa na salamu ya kuchekesha: kompyuta inatuma baiti moja tupu, sifuri, na kamera inajibu kwa baiti inayomaanisha “sikubali”. Kukataa huko ndiko kulikuwa dalili kwamba iko hai. Baada ya hapo mipangilio yake ilisomwa kwenye visanduku vyenye namba. Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha ubora wa picha, cha pili cha saa, na saa yenyewe iliandikwa kama idadi ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970.

Kwa kubeba picha, foleni hiyo ilikuwa mateso. Kasi ya 115200, ambayo wakati huo ilikuwa ya kujivunia, inapitisha baiti kama 11,500 kwa sekunde; picha moja ya leo ya megabaiti 5 ingechukua zaidi ya dakika saba. Amri ni jambo jingine. Amri ya baiti saba, hata kwa kasi ndogo ya 9600, inafika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa hiyo waya wa siriali uliachwa kwa picha lakini haukufa kwa maagizo, na hata USB, iliyochukua nafasi yake, herufi ya S katika jina lake ni hiyohiyo siriali.

Kamera za kawaida za Canon, Nikon na nyinginezo huzungumza na kompyuta kwa lugha iitwayo PTP, iliyoandikwa kama kiwango cha kimataifa ISO 15740. Programu inayoifaa studio ndogo ni gphoto2. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Linux na Mac, na inazitambua kamera zaidi ya elfu mbili. Mwenye Windows anaweza kutumia digiCamControl, au programu ya mtengenezaji mwenyewe, mfano EOS Utility ya Canon. Ila ukweli ni kwamba njia ya mkato kwa kompyuta ya Windows iliyochoka ni fleshi yenye Ubuntu: inachomekwa, kompyuta inawashwa kutoka kwenye fleshi hiyo, na Windows haiguswi. Tahadhari moja ya Bujumbura: kompyuta nyingi za hapa zina kibodi ya Kifaransa, na Ubuntu ikiwashwa hivyo huja na mpangilio wa Kimarekani mpaka ibadilishwe. Fundi anabonyeza A inatoka Q, anatafuta kistari hakioni, na lawama zote anaibebesha kamera.

Kazi inaanza kwa kusoma. Betri iwe imejaa, kamera iwashwe, waya uchomekwe, kisha:

gphoto2 --auto-detect

Jina la kamera likitokea, salamu zimepokelewa. Likitokea lakini amri inayofuata ikagoma kwa kulalamika kuwa kifaa kimeshikwa, mara nyingi sababu ni programu ya kufungua picha ya kompyuta yenyewe, iliyoiwahi kamera mara tu waya ulipochomekwa. Ifungwe, au kamera iachiliwe kwa “Eject” kwenye dirisha la mafaili bila kuchomoa waya, na mlango utafunguka. Hapo inafuata amri muhimu kuliko zote, ambayo mafundi wenye haraka huiruka:

gphoto2 --list-all-config > kamera1-zamani.txt

Mstari huo haubadilishi chochote. Unaandika kwenye faili kila kitu ambacho kamera imekubali kukionyesha: jina la kila mpangilio, thamani yake ya sasa, na thamani nyingine zinazokubalika. Faili hilo likae mahali salama kabla ya mtu yeyote kurudisha kamera katika hali ya kiwandani. Mteja akirudi wiki ijayo akilalamika kuwa kamera yake “haikuwa hivi”, fundi ana ushahidi, na zaidi ya ushahidi ana njia ya kuirudisha ilivyokuwa.

Kuandika nako ni mstari mmoja. Kuweka saa:

gphoto2 --set-config datetime=now

Kamera inapewa saa ya kompyuta, kwa hiyo kompyuta ndiyo iangaliwe kwanza: eneo lake la saa liwe Bujumbura, isiwe Nairobi wala Paris. Majina ya mipangilio hutofautiana kidogo kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na ndiyo sababu lile faili la kwanza lina thamani; jina sahihi limo humo. Studio yenye kamera tano inazichomeka moja baada ya nyingine, mstari uleule, kompyuta ileile, na kamera zote zinatoka na saa moja. Jambo hili linafaa pia mahali ambapo kamera ni nyingi kuliko watu. Katika hifadhi ya Serengeti, mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 porini na kukusanya mafungu ya picha zaidi ya milioni moja. Mtafiti anayetaka kujua simba wanapita kwenye kijito saa ngapi hana shahidi mwingine ila saa iliyo ndani ya kamera.

Na ile harusi iliyokwisha kuvurugika? Picha za kamera ya Kariakoo zinawekwa kwenye folda yake peke yake na kurudishwa nyuma saa moja kwa programu ya exiftool:

exiftool "-AllDates-=1" folda

Programu hiyo huacha nakala ya kila faili la awali, jambo linalompa usingizi mtu mwenye mkono wa haraka. Shangazi anarudi kwenye gari lake.

Amri ya kuandika ina mipaka, na ni vizuri mpiga picha aijue kabla hajadhani kamera imeharibika. Gurudumu la juu ya kamera lina nguvu kuliko waya. Likiwa kwenye otomatiki, amri ya kubadilisha kasi ya shata itakataliwa. Liwekwe kwenye M na amri ileile itapita. Swichi ya fokasi iliyo ubavuni mwa lenzi ni kitu cha mkono, na kwenye lenzi nyingi haisukumwi na maandishi. Kila baada ya kuandika, thamani isomwe tena kwa --get-config, kwa sababu kunyamaza kwa kompyuta si lazima kuwe kukubali kwa kamera.

Upo mtego mwingine uliowaliza watu. Kamera nyingi za Canon zikipigishwa picha kwa waya huweka picha kwenye kumbukumbu ya muda, na si kwenye kadi, mpaka mpangilio uitwao capturetarget ubadilishwe. Anayefanya majaribio mbele ya mteja, akachomoa waya akiamini picha zipo kwenye kadi, atakuta kadi nyeupe kama unga wa muhogo.

Jina la mwenye kamera linahitaji maamuzi, na hapa ushauri hauwezi kuwa mmoja kwa watu wote. Mipangilio ya artist, copyright na ownername huandika jina ndani ya kila picha itakayopigwa. Kwa studio ya harusi ni jambo la faida: picha ikizunguka kwenye simu za watu na ikabishaniwa, jina limo ndani. Inatosha kuandika:

gphoto2 --set-config artist="Studio ya Nyakabiga"

Lakini Nyakabiga haijasahau mwaka 2015. Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza tarehe 26 Aprili, mtaa huu ulikuwa miongoni mwa iliyowaka, na picha za barabara zake zilizunguka dunia. Mwezi Mei redio za binafsi zilichomwa na kuharibiwa. Tarehe 2 Agosti Esdras Ndikumana, mwandishi wa RFI na AFP, alikamatwa na kupigwa alipokuwa akipiga picha mahali alipouawa Jenerali Adolphe Nshimirimana. Mpiga picha wa habari anayefanya kazi katika mazingira ya namna hiyo ana sababu ya kuliacha jina tupu, na ya kujua jambo ambalo wengi hawalijui: kamera nyingi huandika pia namba ya mwili wake kwenye kila picha, na namba hiyo haifutwi kwa amri hizi. Kinachofutika ni taarifa ndani ya nakala inayotumwa, kwa exiftool -all= na jina la faili. Nakala ya asili haiguswi. Na anayeuza kamera yake alifute jina kabla hajapokea pesa, maana kamera itakwenda kupiga picha asizozijua ikiwa bado imebeba jina lake.

Sasa kamera ya aina nyingine, ile isiyobebwa begani. Makanisa na kumbi nyingi za mjini zimeanza kurusha ibada na sherehe kwenye intaneti, na juu ya nguzo ama ukutani hukaa kamera ya duara inayojigeuza yenyewe. Nyingi kati ya hizo, hasa za Sony na zile zilizoiga, zina tundu la siriali na huelewa lugha iitwayo VISCA. Huku ndiko ufundi wa waya unakolipa zaidi, kwa sababu kamera hizi zina kitu ambacho ya begani haina: kumbukumbu ya mahali. Sony EVI-D70, kwa mfano, ina nafasi sita za kuhifadhi. Nafasi moja inaweza kukumbuka mimbari, ya pili kwaya, ya tatu mlango mkuu maharusi wanapoingia. Kila moja na mwelekeo wake, ukaribu wake na fokasi yake. Fundi mitambo anabonyeza namba, kamera inageuka na kusimama palepale, Jumapili baada ya Jumapili.

Amri ya VISCA ni safu fupi ya baiti, zinazoandikwa kwa heksadesimali. Kuhifadhi mahali kamera inapotazama sasa katika nafasi ya kwanza huandikwa hivi:

81 01 04 3F 01 00 FF

Na kuirudisha pale baadaye:

81 01 04 3F 02 00 FF

Zisomeke kama anwani ya barua. 81 ni anwani ya kamera ya kwanza. Ya pili ni 82, na zinaweza kufuatana hadi saba kwenye mnyororo mmoja wa waya. 01 inasema hii ni amri, na ikiwa ni swali inakuwa 09. 04 3F ni sehemu ya kumbukumbu. Baiti inayofuata ndiyo yenye uzito: 00 hufuta, 01 huhifadhi, 02 hurudisha. Kisha inakuja namba ya nafasi, na FF inafunga, kama nukta mwishoni mwa sentensi. Anayekosea kati ya 01 na 02 dakika tano kabla ya ibada anafuta kazi ya mwezi mzima kwa kidole kimoja, na kamera haitamuuliza kama ana hakika.

Namba ya nafasi nayo ina mtego. Kwenye rimoti hesabu inaanza na moja. Ndani ya waya inaanza na sifuri. Mimbari iliyo namba 1 kwenye rimoti ni 00 kwenye amri, na kwaya iliyo namba 2 ni 01. Kumbi ngapi zimemrusha mpiga kinanda hewani wakati mchungaji anaanza kuhubiri, ni hesabu ambayo haitajulikana.

Kabla ya yote hayo kamera zinapewa anwani kwa 88 30 01 FF, ambayo ni salamu kwa wote waliomo kwenye mnyororo. Kamera nzima hujibu kila amri. Ikipokea inasema 90 41 FF. Ikimaliza kugeuka inasema 90 51 FF. Ikijibu 90 60 02 FF, sentensi imekosewa, pengine baiti imerukwa. Ikijibu 90 61 41 FF, imeelewa ila haiwezi kutii kwa sasa, kwa mfano imeamriwa kubadili shata ilhali bado iko kwenye otomatiki. Majibu hayo mawili ya mwisho yana tofauti kubwa kwa fundi: moja linamrudisha kwenye kibodi, jingine linamrudisha kwenye kitabu cha maelekezo.

Kwenye Linux adapta ya USB kwenda siriali huonekana kama /dev/ttyUSB0, na mistari miwili inatosha:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 cs8 -cstopb -parenb raw

printf '\x81\x01\x04\x3f\x02\x00\xff' > /dev/ttyUSB0

Kwenye Windows kuna RealTerm na Hercules, kwenye Mac kuna CoolTerm. Zote zinakubali heksadesimali ikichaguliwa. Ikiachwa katika hali ya maandishi, programu itatuma herufi “8” na “1” badala ya baiti 81, na kamera itakaa kimya kama mkwe asiyependezwa na mahari.

Mwanga wa Bujumbura una madai yake. Umeme wa Burundi ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za mirija hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyowahi kuishi Marekani au sehemu ya Japani yenye mizunguko 60, ikiachwa na shata ya 1/60, hurusha picha yenye mawimbi yanayopanda na kushuka ukutani. Dawa ni 1/50 au 1/100. Kamera inaingizwa kwenye hali ya kuchagua shata kwa 81 01 04 39 0A FF, kisha kasi inachaguliwa kwa namba iliyo kwenye jedwali la modeli husika, maana majedwali hayafanani.

Weupe ni shauri jingine. Mama anaingia amevaa imvutano nyeupe, madirisha yanaleta jua la ziwani, taa za ndani zinatoa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na kamera iliyo kwenye otomatiki inabadili mawazo kila mtu anapopita. Afadhali mizani ya weupe ishikwe: 81 01 04 35 03 FF inaiweka kamera tayari kupimiwa, karatasi nyeupe inashikwa mahali ambapo maharusi watasimama, kisha 81 01 04 10 05 FF inapima mara moja na kukaa hapo. Kazi hii ifanywe saa ileile ya siku ambayo sherehe itakuwapo. Jua la saa tatu asubuhi si la saa nane mchana.

Waya wenyewe ndio unaokula pesa bure kuliko vyote. RS-232 inaaminika mpaka mita 15 hivi. Ukumbi ukizidi hapo, RS-422, ambayo baadhi ya kamera zinayo, inafika hadi mita 1,200. Kurefusha upande wa USB si ufumbuzi, kwa sababu waya wa kawaida wa USB huchoka baada ya mita tano. Kutoka upande mmoja kwenda mwingine waya wa kutuma ukutane na wa kupokea. Ukiunganisha kutuma kwa kutuma, kila upande unazungumza na hakuna anayesikiliza.

Adapta za bei ya chini zina chipu za FTDI, Prolific au CH340, na za kuiga ni nyingi. Oktoba 2014 sasisho la Windows lilileta dereva ya FTDI iliyobadilisha namba ya utambulisho ya chipu za bandia, na watu duniani kote wakaamka na adapta zilizokufa bila wao kufanya kosa lolote. Dereva za Prolific nazo huzikataa chipu za kuiga. Kwa hiyo adapta ijaribiwe dukani, kwenye kompyuta itakayotumika, kabla ya kulipa. Na kwa wanafunzi wa kampasi ya Mutanga wanaopanga vyumba Nyakabiga na kupenda vikamera vidogo vya kuunganisha na Arduino: vile vya chipu ya VC0706 vina siriali pia, kwa kasi ya 38400, lakini umeme wa mawasiliano yake ni wa volti 3.3. RS-232 halisi inaweza kufika volti 15, chanya na hasi. Kuviunganisha moja kwa moja ni kukiunguza kikamera kabla hakijapiga picha ya kwanza.

Baada ya kazi, studio yenye utaratibu inaandika kadi ya karatasi na kuiweka kwenye mfuko wa kila kamera: namba ya kamera, tarehe saa iliporekebishwa, na jina la faili lenye mipangilio yake. Kanisani karatasi ya namna hiyo inabandikwa ubavuni mwa kompyuta ya kurushia, ikionyesha nafasi zote sita, namba ya rimoti upande mmoja na namba ya waya upande wa pili. Ukaguzi unafanywa Ijumaa jioni, mapema, kabla umeme haujakatika: saa inasomwa kwa --get-config datetime na kulinganishwa na ya simu. Ikitofautiana kwa sekunde chache, inawekwa upya na kazi imekwisha. Ikiwa kamera imerudi miaka mingi nyuma, kwenye tarehe 1 Januari ya mwaka fulani wa zamani, betri ndogo ya ndani inayoitunza saa imekufa. Ichajiwe kwanza kwa kuacha betri kubwa iliyojaa ndani ya kamera usiku kucha, kwani baadhi ya kamera huichaji hivyo; asubuhi saa ikiwa imepotea tena, kamera inakwenda kwa fundi, na Jumamosi hiyo harusi inapigwa kwa kamera nyingine.